Bibi, Zabibu Hatoki Tena Nje

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako hapa Somanga. Mlango nimeukomea, na paka wako Zabibu analia tangu asubuhi akitaka kutoka. Simfungulii.

Najua usingependa. Uliniambia mara nyingi, ukiparua magamba ya samaki barazani na paka wako wawili wamekuzunguka miguuni: "Paka hafungwi, mke mwenzangu. Kuna mwanamke aliingia motoni kwa kumfunga paka." Nikakuuliza kama alimnyima chakula. Wewe ukamtupia Chui, yule dume, kichwa cha kibua. Chui ndiye uliyempenda zaidi. Akirudi na sikio limechanika, ulimpaka mafuta ya nazi huku ukimsema kama mume mzururaji.

Ulipotutoka nilibaki nao wote wawili, na mlango nikauacha wazi kama ulivyowazoesha.

Mwezi uliopita Bi Hadija, jirani yetu anayekaanga samaki wa kuwauzia abiria wa mabasi, alikuja asubuhi. "Mwanangu, panya wamenimaliza stoo. Leo naweka sumu. Wafungie paka wako siku tatu nne." Nikaitikia, nikafunga.

Wakalia, Bibi. Chui alikwaruza mlango hadi rangi ikabanduka. Nilivumilia mpaka adhuhuri, lakini yule mwanamke wako wa motoni hakuniacha. Nikafungua.

Alasiri nilimkuta Chui nyuma ya jiko, amekakamaa, povu limemkaukia mdomoni. Pembeni yake nusu ya panya. Zabibu alikuwa anayumba, miguu ya nyuma haimtii. Nikamviringisha kwenye kanga, nikasimamisha bodaboda.

"Twende Miteja, kwa bwana mifugo. Haraka!"

Dereva alipoona ni paka akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akawasha pikipiki. Malori yalitupita kwa kishindo, na mimi nilihisi mwili wa Zabibu ukitetemeka kifuani pangu. Kila ukitulia kidogo, nilidhani ndiyo basi. Nilisoma kila dua uliyonifundisha.

Bwana mifugo alimchoma sindano. "Akiiona kesho, atapona. Na akipona, akae ndani. Chakula, maji, beseni la mchanga, wavu dirishani. Halafu umlete achanjwe kichaa cha mbwa."

"Hata paka?"

"Hata paka, dada."

Aliiona kesho. Chui nilimzika peke yangu. Bi Hadija alikuja akasema, "Si nilikwambia?" Na kweli aliniambia. Hilo ndilo linaloniuma, Bibi: sina wa kumlaumu ila mkono wangu uliovuta komeo.

Sasa Zabibu anakula mara mbili kwa siku, manyoya yanang'aa. Sijamnyima kitu ila njia. Nadhani yule mwanamke aliadhibiwa kwa njaa, si kwa mlango. Lakini sina hakika, na wewe haupo nikuulize.

Leo Bi Hadija ameniletea bakuli la vichwa vya samaki. "Vya mgonjwa wako," amesema, na macho yake yalikuwa mekundu. Nimepokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Alipoondoka nilivinusa, nikavinusa tena, kisha nikavifukia vyote chini ya mgomba. Bakuli nimeliosha. Nashindwa kulirudisha, maana ataniuliza kama Zabibu alikula.

Mungu akulaze pema, Bibi. Usinikasirikie.

Mjukuu wako