Majaji Saba wa Darasa Lako na Shamba la Mtoni

Kendi, mtoto wa mwanangu,

Kaa chini kwanza ndio usome. Huko Turkana walikokupeleka kufundisha sijui kama unakula; Krismasi ulikuja na shingo kama ya kuku. Naandika mwenyewe, na elimu yangu ya darasa la tatu, na barua siifungi. Baba yako mdogo Mutwiri ataisoma kabla haijaenda posta. Asome mpaka mwisho.

Jana sokoni Nkubu nimesikia mtu ananiita bibi kwa lugha yetu, "Cucu! Leo ndizi ni za nani?" Nageuka, ni Makena, yule mwanafunzi wako wa darasa la saba. Siku hizi ni msichana mrefu wa sekondari. Tulicheka mpaka watu wakatuangalia, na nimeamka leo bado moyo unaruka. Ndio maana naandika.

Si unakumbuka, ulipokuwa bado unafundisha hapa kwetu? Uliniambia, "Cucu, kesho njoo shuleni, tunajifunza mahakama. Nataka mtu wa kushtakiwa." Nikakuuliza, "Nimefanya nini?" Ukacheka. Wewe ukicheka hivyo una njama.

Nikavaa kitambaa cha kanisa, nikabeba kichana kizima cha ndizi mbivu. Mtu haendi mbele ya wazee mikono mitupu! Babu yako alikuwa anabeba miraa ya kutafuna, imefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, anaiweka chini ndio kesi inaanza. Hao wako walikuwa watoto, ningewapa miraa? Nikaingia, nikawaona saba nyuma ya madawati, sweta zimetupwa mabegani kama majoho, na Makena katikati, Jaji Mkuu mzima. Nikaweka ndizi mbele yake. Akaziangalia, akameza mate, akasema, "Cucu, hiyo ni hongo. Ondoa."

Hongo! Mimi! "Hiyo ni heshima, wewe mtoto usiye na adabu!" Darasa likaangua kicheko. Ukaja kunieleza mbele ya watu, kama mtoto wa nasari, kwamba jaji akila cha mmoja, yule mwingine atalia wapi. Nikaziondoa. Usidhani ulinishinda, nilikuwa nafikiria.

Halafu ukasoma kesi. Eti kuna mama anataka kumpa kijana wake shamba lote, na mjukuu wake wa kike, aliyeachwa na marehemu kaka ya huyo kijana, asipate kitu. Ala! Ulidhani sitajua ni shamba gani? Nikakuangalia, ukaangalia ubao.

Hapo ubaoni ulikuwa umechora ngazi. Chini hakimu, halafu Mahakama Kuu, halafu ya Rufaa, na juu kabisa Mahakama ya Juu. Ukawaambia si kila kesi inafika huko, hii imefika kwa sababu inagusa Katiba. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, na ukishindwa huko juu, unaenda wapi?" Ukamjibu, "Unaenda nyumbani."

Nikajitetea, haki ya Mungu nilijitetea! "Msichana ataolewa! Shamba letu litaenda na watu wa mbali!" Darasa la nane wakajaa madirishani. Makena akangoja nimalize.

"Cucu, huyo msichana ni damu yako?"

"Ni damu yangu."

"Na ukiwa mgonjwa nani anakupeleka hospitali?"

Mimi, mdomo huu wote unaoujua, nikakunyooshea kidole tu. Nani hakujua ni wewe?

Wakanong'onezana. Sita wakasema mama amekosea. Yule mdogo wa pembeni akasema, "Mimi niko na Cucu." Nikadhani utamchapa, kumbe ukamsifu, ukasema jaji anaweza kukataa peke yake mradi atoe sababu. Makena akasimama: "Katiba inasema mwanamke na mwanamume ni sawa. Shamba ligawanywe upya." Nikapiga vigelegele! Nimeshindwa kesi na bado napiga vigelegele, ukanitolea macho. Wewe ulipozaliwa watu walipiga vichache, kwa sababu ulikuwa msichana. Hiyo siku nilikulipia vyote.

Basi sikia. Mutwiri ananiuliza kila mara, "Mama, utaniandikia shamba lini? Kaka hakuacha mvulana." Shamba hilo nililinunua mimi, kwa mgongo huu. Nimeenda kwa chifu, nimeita mpimaji, na Jumamosi baada ya Pasaka anakuja. Mutwiri anabaki na upande wa juu wa barabara, alipojenga. Upande wa mtoni, ambapo baba yako alipanda kahawa, ni wako. Mutwiri, usikunje uso, endelea kusoma. Ukitaka kukata rufaa, panda ile ngazi ya ubaoni, hakimu wa kwanza hayuko mbali.

Na wewe Kendi, usiniletee shukrani zako za machozi. Si zawadi, ni sehemu ya baba yako. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, uje ushike kamba ya kupima kwa mkono wako, watu wote waone. Na uje na viatu vya shamba, si vile vya kisigino. Kahawa imezeeka, matawi yamekauka, inataka kukatwa. Mimi nimeacha kuigusa tangu juzi. Sikati miti ya mtu.

Nakungoja,
Mama ya baba yako