Vinia Zilizonipita Puani

Kambi ya Chai,
Tukuyu, Rungwe.
Jumatatu, mvua tupu.

Mke wangu Mama Otmari,

Pokea salamu zangu, zimelowa kidogo lakini ni zako zote. Mgongo unaendeleaje? Kama bado unauma, acha kuwabebea kuni wavivu wa hapo nyumbani, nawajua kwa majina. Mahindi yameota? Paa la jikoni bado linavuja, au umeshapata mwanamume mwingine wa kuliziba? Mimi viungo vyote ninavyo ila pua, na barua hii naiandika kwa sababu ya hiyo pua. Usicheke kwanza. Huku nimechekwa vya kutosha.

Kazi yangu unaijua kwa kusimuliwa tu. Maganda ya mbao membamba kama karatasi, sisi mafundi tunayaita vinia, yanakuja kwa mafungu. Tunayabandika matatu matatu kwa gundi, tunagandamiza, tunakata pande za masanduku ya chai. Kazi ya kuchagua ni yangu. Napitisha vinia shavuni nisikie kama imekauka, nainua kwenye mwanga nione matundu. Halafu lililo kubwa kuliko yote: nalamba kidole gumba, nasugua mbao, nanusa. Chai haina adabu, mke wangu. Inaiba harufu ya chochote kilicho karibu nayo. Mbao ikinukia, sanduku zima limeharibika.

Zamani vinia zilitoka kwenye kiwanda cha serikali, za aina moja, hata kipofu angechagua. Tangu soko lifunguliwe, kila mwenye lori anajiita kiwanda. Mwenye shamba naye ni mpya, na ile karatasi ya kung'aa tuliyokuwa tukitandika ndani ya sanduku ameipunguza ikawa kama leso.

Sasa sikiliza, na usiruke mstari. Mchaguzi wa vinia haruhusiwi kuvuta ugoro. Nami navuta. Ule ule uliokuwa ukiumwaga jalalani, huku naununua kwa mama mmoja sokoni, nauficha ndani ya soksi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinusa mbao kwa heshima tu, kama mtu anayefumba macho kanisani huku akiwaza ugali.

Basi likaja fungu moja zuri, rangi ya asali, nyuzi zake zimelala kama nywele zilizochanwa. Nikalipenda. Anyosisye, yule rafiki yangu wa Ikuti niliyekuandikia habari zake, ndiye mkuu wa chumba cha kufungashia. Akaniuliza:

"Mtani, umenusa?"

"Nimenusa mpaka mizizi imeota puani."

Akacheka, akatia sahihi kitabuni. Hapa aliyetia sahihi ndiye anayejibu. Yeye hakunusa mwenyewe kwa sababu mchaguzi ni mimi, na kunusa nyuma ya fundi ni kumtukana.

Zile vinia zilikuwa za mkulo, mti unaonukia kama kafuri. Chai ikarudishwa yote. Mnunuzi alisema ukiinywa ni kama unakunywa sanduku la nguo za bibi yake. Meneja akatukusanya uani kwenye manyunyu, akafungua sanduku, kila mtu akainama kunusa. Wakawa wanakunja sura mmoja mmoja. Zamu yangu ikafika, nikainama, sikusikia kitu. Hewa tu. Nikakunja sura kama wenzangu.

"Nani alipitisha?" meneja akauliza.

Anyosisye alinitazama. Hakunitazama sana, kiasi cha kupisha neno moja, kama ningekuwa nalo. Kisha akasema, "Sahihi ni yangu."

Nami, mwanamume wa kuongea tangu jogoo la kwanza, nilinyamaza.

Wakamfukuza siku ile ile, na nyumba ya kambi aiache kabla ya Jumamosi. Nilimsaidia kuhama. Nilibeba kitanda chake kichwani kwenye tope hadi Ikuti, na mkewe, Mama Tumpe, akaniambia, "Ndaga, baba, wewe ndiye rafiki." Ndaga kwao ni asante. Nilitamani kitanda kile kinivunje shingo.

Kumbe huko Ikuti watu wakajiambia, mtu hafukuzwi siku moja kwa harufu, huyu ameiba chai. Alikuwa mzee wa kanisa. Wakamvua uzee, wakamzuia meza ya Bwana. Watu wakikutana naye kwenye migomba wanamsalimia wakiangalia majani.

Niliposikia hayo nilikwenda kwa meneja, nikaungama. Hata kalamu hakuiweka chini. "Mzee, habari ile imekwisha. Kuanzia mwezi ujao chai inafungwa kwenye mifuko ya karatasi. Karakana yote inafungwa, na wewe ukiwemo." Ndivyo nilivyofukuzwa, mke wangu, si kwa kosa langu bali kwa karatasi.

Nikashuka Ikuti. Nikamwambia Anyosisye yote, na ugoro pia. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya mpaka beseni likajaa.

"Mimi ulishaniambia uani," akasema, "uliponyamaza. Sasa waambie wao."

Jana Jumapili nikasimama mbele ya kanisa lao. Nikasema: kosa ni langu, sina pua, nilinusa kwa uongo, huyu hakuiba hata jani. Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu benchi zima. Wananijua, Mama Otmari. Ni mimi niliyewatania kwenye msiba wao mmoja kwamba marehemu ameniachia mbuzi. Mchungaji akanipa mkono, akasema, "Baba, umempenda mtani wako mpaka umeongopa kwa ajili yake nyumbani mwa Mungu. Mungu akusamehe." Mama Tumpe alitoka nje. Anyosisye alibaki amekaa benchi la nyuma, mikono magotini, hacheki.

Basi nakuomba, wala sitanii. Waandikie wazee wa kanisa la Ikuti kwa mkono wako. Waambie habari ya sufuria ya maharage iliyoungua mpaka majirani wakaja na ndoo, nami nimekaa hatua mbili nasubiri chakula. Waambie hata mbuzi dume alale chini ya kitanda mimi sijui. Katekista wenu naye atie sahihi, maana huku wanaamini sahihi. Nimewasemesha kwa kicheko miaka yote hii, sasa sina sauti nyingine ya kuwapa.

Msalimie mama mkwe, mwambie bado sijafa, asikate tamaa. Msalimie mdogo wangu, jembe langu alirudishe. Mkwe wetu, mke wa Otmari, mwambie mtoto akizaliwa wasimpe jina langu kwanza.

Mizigo yangu imefungwa na nyumba ya kambi wanaitaka, lakini siji nyumbani. Nimehamia kwenye banda la kuku la Anyosisye, kuku wamehamishwa; ile anwani ya kambi hapo juu nimeiandika kwa mazoea tu. Mchana namlimia. Haniongeleshi, chakula ananiletea. Nitakaa hapa mpaka barua yako isomwe kanisani, yeye akiwepo.

Andika leo.

Mumeo aliye bandani,
Baba Otmari