Jiwe Lenye Jiwe Tumboni

Norfolk, 4 Februari 1612

Mke wangu Jennet,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo. U hali gani, na huyo aliyemo tumboni? Bado tunachimba bwawa la samaki la Bibi Wyvell. Mumewe yuko London, kwa hiyo bwana hapa ni yeye. Kutwa yuko dirishani anaandika barua, nasi kutwa tumo topeni. Wajakazi wanasema ana jiwe la tai, lenye jiwe dogo ndani, ukilitikisa linalia. Mwenye mimba hufungwa nalo mkononi, mtoto asitoke kabla ya siku zake. Mabibi wakubwa huazimana. Wawili wametutoka, Jennet. Nitamwomba.

Mumeo, Anthony

Kentmere, 1 Machi

Mume wangu,

Mimi sijambo, pole na mgongo. Karani wa kanisa ananiandikia haya huku akicheka. Usimwombe. Watakufukuza, tule nini? Kama umeshaomba, basi lije haraka. Huyu anacheza, na mimi bado nabeba kuni za mwenye shamba.

Mkeo, Jennet

Norfolk, 29 Machi

Mke wangu,

Natumaini hujambo. Nilivua kofia nikaomba. Msimamizi akaniuliza kama nitataka na lulu. Bibi hakucheka. Aliuliza tumezika wangapi, nikamwambia. "Mimi watatu," akasema, kisha akamwandikia binamu yake aliyeliazima alirudishe. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, si wa karani. Kwao hiyo ni heshima kubwa. Binamu akajibu kwamba jiwe la mabibi halifungwi kwa mke wa mchimba mitaro. Bibi akasoma, akamaliza bia yake, akaandika tena. Ameandika na nyingine kwa mwenye shamba wako. Bibi huyu hakuna asiyemwandikia. Sijui amesema nini. Vumilia.

Mumeo, Anthony

Kentmere, 2 Juni

Baba Ellen,

Hujambo? Sisi hatujambo, wote wawili. Mwenye shamba alisoma barua ya bibi yako, akaja mwenyewe kunitua kuni. Tangu hapo sijabeba hata ndoo. Ellen alizaliwa katikati ya Mei, mnene, ana sauti ya mama yako, Mungu atusaidie. Jiwe lilifika wiki iliyofuata, limeviringishwa hariri. Kweli linalia.

Mshukuru Bibi, umwambie litachelewa kurudi. Mabel, mke wa mhunzi, ni mjamzito. Alirudisha mkono nyuma, akasema hilo ni la mabibi.

Nikamwambia, "Lete mkono."

Mkeo, Mama Ellen