Wangeci Wawili, Pasipoti Moja

Kimbo, Ruiru
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Tata Beth,

Habari ya Gaborone na baridi ya huko? Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na Anko Tobias anakula vizuri. Sisi tu wazima. Wangeci ana mafua kidogo, lakini hayamzuii kuruka kitandani nikijaribu kuandika.

Tata, pasipoti yake imetoka. Ninayo hapa mapajani. Sasa pumua, maana hata mimi ndiyo napumua.

Najua ulichoka kuningoja. Ile kazi ya jikoni uliyonitafutia shuleni kwenu naitaka sana, lakini nilikuambia siendi nikiacha mtoto wa miaka mitatu, na sikuwa natania. Shida ilikuwa Karanja. Kwa vile jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa, ofisini walitaka barua yake ya kukubali na kopi ya kitambulisho. Tangu atuache akahamia Thika, simu zangu hashiki. Nilipomwandikia akajibu mara moja tu, kwamba mtoto wake haendi popote.

Nilikaa na hayo maneno mpaka chakula kikanishinda. Ndipo nikamwendea mama yake, nyanya ya mtoto, Cucu Wangeci, pale Kiuu. Si unajua mtoto ameitwa jina lake. Sikwenda kulia, nilimweleza tu. Akafunga kitambaa chake cha kanisa, akasema twende Thika.

Tulimpata Karanja kwenye duka la vipuri analofanyia kazi. Akaanza maneno mengi, eti nikivuka mpaka hatamwona mtoto tena. Cucu akamwacha amalize, kisha akamsogeza mtoto mbele.

"Huyu anaitwa nani?"

"Wangeci," akajibu polepole.

"Basi ni mimi nataka kusafiri. Nikatalie nikisikia."

Wateja wakacheka. Karanja hakucheka. Alichuchumaa mbele ya binti yake akamwita mami, kama anavyomwita mama yake, vile amekuwa akimwita tangu azaliwe, halafu akaomba kalamu. Nikaona kumbe alikuwa anaogopa kweli. Nikamwambia siibi mtoto, tutampigia kila Jumapili, lakini na yeye ashike simu.

Kwenye picha ya pasipoti Wangeci amenuna, kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka. Leo baada ya ibada Cucu aliishika kwa mikono miwili, akasoma jina herufi kwa herufi. Yeye hata uwanja wa ndege hajafika. Akaniagiza nisisahau sweta, eti Wangeci na baridi hawapatani. Sikumuuliza ni Wangeci yupi. Nimeshanunua sweta.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Anko Tobias, na binamu yangu Austine umwambie anitengee kona ya kabati. Mungu awafunike mpaka siku mtakapotufungulia mlango.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Rachael, Mama Wangeci