Machipukizi Aliyoyaomba Yona

Lusajo mwanangu, mzaliwa wangu wa kwanza,

Nakuandikia barua ya kusomwa na wote, kwa sababu nilichokukosea nilikisema mbele ya wote. Unajua mimi sijui kusema kidogo. Mdogo wako anacheka mwandiko wangu wa darasa la saba. Nimemwambia aandike yeye, tuone kama amezaa mwanajeshi.

Unakumbuka siku unakwenda jeshini? Nilikusindikiza hadi stendi ya Tukuyu na mkungu mzima wa ndizi kichwani. Ukasema, "Mama, jeshini kuna chakula." Nikakujibu, "Hicho cha serikali. Hiki cha mama yako." Uliona aibu mbele ya wenzako, lakini uliupokea. Kurudi Mpuguso nilisimama kila mlango. Watu wakaanza kuniita Mama Afande, na wasioniita niliwakumbusha.

Na ile likizo uliyomleta rafiki yako Yona? Kijana mrefu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Alikula ndizi zangu za mizuzu na maharage sahani tatu, akasema, "Mama, kwetu Mbinga migomba ipo, lakini mizuzu kama hii haipo. Nipe machipukizi nimpelekee mama." Nikamwambia mvua bado, yatakauka, aje msimu ujao. Hakuja. Mlipelekwa nchi za watu kulinda amani. Wewe ukarudi, yeye akarudishwa kwenye sanduku.

Ulipomaliza utumishi ukaja nyumbani, nilitaka usimulie. Kila mgeni nilimwambia, "Muulize huyu, ameona mengi." Wewe ukachukua jembe ukaingia shambani. Mvua ikipiga mabati ulikuwa unatoka, unasimama kwenye migomba unalowa, na mimi nikiwaambia watu wanajeshi hawaogopi baridi. Mwanangu, nilikuwa naona. Ila nilizoea kujisifu hata pale moyo uliponiambia nyamaza.

Halafu ile Jumapili ya shukrani. Nilisimama kanisani na gauni jipya nikasema, "Mwanangu amerudi bila mkwaruzo kwa sababu niliomba. Wapo mama waliosinzia, mimi sikusinzia." Wakapiga vigelegele. Ukatoka. Nilikukuta nje umeshika ukuta. Ukasema polepole, "Mama, mama yake Yona naye alikuwa anaomba."

Kesho yake asubuhi ukaondoka na begi lako.

Walioniuliza niliwaambia umeitwa kazi maalumu. Kumbe uko Mbinga, unamwezekea jiko mama yake Yona na kumlimia. Nilipojua, sikufichi, nilikasirika. Nilisema nimezaa mimi, anafaidi mwingine. Mpaka siku ulipompa yule mama simu. Nilikuwa nimejipanga na maneno yangu, akaniwahi: "Mama Lusajo, nisamehe, nimekaa na mwanao. Kila siku namwambia arudi kwenu, anasema bado hajamaliza."

Yeye ndiye akaniomba msamaha. 

Jumapili iliyopita nimesimama tena pale pale, na gauni la kawaida. Nimesema sikuomba kuliko mama yeyote. Nimemtaja Yona kwa jina. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja ambaye binti yake naye yuko jeshini alikuja kunishika mkono, na hakuuachia hadi tulipotoka.

Barua hii inakuja kwa basi pamoja na machipukizi kumi ya mizuzu. Nimeyachimba mwenyewe na kuyafunga kwa majani makavu. Mvua sasa ipo. Mwambie mama mwenzangu ni yale ambayo Yona alimwombea, aliyechelewesha ni mimi. Uyapande wewe, lakini la kwanza mwachie alipande kwa mkono wake.

Usiharakishe kurudi. Kitanda chako sijampa mtu, na ukija sitakuuliza kitu. Utakaa, utakula. Mgeni akitaka masimulizi nitamsimulia mimi ya mkungu wa stendi.

Na wanaouliza uko wapi, sasa nawaambia kweli, tena kwa sauti: yuko kwa mama yake wa Mbinga, anapanda migomba yangu, na huko hawajawahi kuona mizuzu mikubwa kama hiyo.

Ndaga fijo, mwanangu. Asante kwa kumkumbuka yule mama kabla yangu.

Ni mimi,
mama yako wa Mpuguso