Maskara Isiyotoka kwa Maji

Majengo, Dodoma
Oktoba 1994

Shangazi Salwa,

Shikamoo. Harusi imepita salama, na pilau ya mchele wa Bahi iliwatosha wageni wote. Ahsante sana kwa ile maskara ya kope isiyotoka kwa maji uliyoninunulia Kariakoo. Ubaya wake ni kwamba hata sabuni haiiondoi; mama mkwe alinifuta kwa mafuta ya alizeti mpaka macho yakaniwasha.

Lakini bila hiyo sijui ningefanyaje. Nikiwa nimeshapambwa, nilipita hospitali kumwona mama. Daktari akanieleza mlangoni kwamba hatapona. Nililia sana pale nje, nikajifuta uso kwa kanga, nikaingia. Kope zilikuwa vilevile, nyeusi, hazijachuruzika hata kidogo.

Mama alinitazama machoni. "Rukaya, hukulia?"

"Nilie kwa nini, mama, siku kama hii?"

Akatabasamu, akanishika shavu. "Nilikuwa naogopa utalia kwa ajili yangu. Umependeza. Nenda, wanakungoja."

Sasa anamsimulia kila anayemletea uji kwamba binti yake aliolewa kwa furaha. Njoo umwone, shangazi. Usisubiri Idi.

Mwanao anayekushukuru,
Rukaya