Makopo ya Waliokataliwa

Jumapili, 1 Machi

Wiki sita leo! Wiki sita mimi ni mke wa mtu. Bado nikiamka nikamwona pembeni nashtuka kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na mwenyewe hajatokea kukidai. Wangu. Humu ndani sitamwita jina lingine.

Mchana tulikwenda kwa Mama mkwe. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi ya tano, hapandi wala hashuki. Goti. "Shikamoo Mama." "Marahaba mkwe wangu, piteni tu, mimi napumzika." Anapumzika! Alikuwa pale karibu saa nzima. Na vyumba vya kulala vyote viko juu.

Kumbe ameshapata pa kuhamia, alikuwa anaona haya kutuambia. Safu ya maduka karibu na kituo cha mabasi: mbele pa kuweka cherehani zake, nyuma chumba cha kulala na jiko. Ngazi hata moja hakuna. Mwenye nyumba atamshikia nafasi hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo anampa kinyozi. Lakini kwanza hii nyumba iuzwe. Wateja watatu wamekuja tangu mwaka jana. Wote walisema watapiga simu.

Nikafungua mdomo wangu: "Mama, niachieni mimi."

Wangu akanitazama. Mama akanitazama. Hata mimi nilijishangaa.

Jumatano, 4 Machi

Dalali amekuja. Miwani ya jua juu ya kichwa, tena ndani ya nyumba. Akazunguka sebuleni akiruka vitambaa. Miaka thelathini Mama ameshonea watu humo: meza ya kukatia, kioo kirefu, mafungu ya nguo hadi dirishani, kuta za kijani kibichi cha hospitali.

Akasema wanunuzi wa siku hizi wananunua kwenye simu kwanza. Wanaona picha, wakipenda ndiyo wanakuja. Na hii nyumba picha haitoki. Giza! Wanataka mwanga, wanataka nafasi, hawataki kuona maisha ya mtu.

"Maisha yangu yana ubaya gani?" Mama akauliza, sindano mdomoni.

"Hayana ubaya, Mama. Yamejaa tu."

Nikadhani atamfukuza. Akacheka hadi sindano ikadondoka, tukaitafuta sote watatu kwa magoti. (Mama alitafuta kwa macho.)

Jumamosi, 7 Machi

Kuhamisha vitu! Wifi alikuja kutucheka. Akasimama mlangoni mkono kiunoni: "Haya, bibi harusi wa juzi anauza nyumba tuliyozaliwa! Hina haijafutika!" Nikamwambia, "Wifi yangu, ufagio uko nyuma ya mlango." Akacheka, akauchukua. Hadi saa kumi hakuwa ameuweka chini, na ndiye aliyekwangua masizi jikoni. Masizi ya enzi na enzi! Mdomo wa wifi mkali lakini mkono wake dhahabu.

Meza ya kukatia ikawa vita. Mama akaishika kwa mikono miwili. Hii haitoki, ana nguo za watu. Wangu akachuchumaa mbele yake, akamwambia polepole kwamba meza inatangulia tu kumshikia nafasi kule kwenye duka. Mwenye nyumba kule karuhusu. Mama akaiachia kidole kimoja kimoja. Jamani, nimeolewa na mtu mwenye maneno!

Halafu pini. Nyufa zote za sakafu zimejaa pini. Wangu akafungua spika mbovu, akatoa sumaku, akaifunga kamba, akawa anaitembeza chumbani kama mbwa. Tukajaza kopo la maziwa. Mama akawa anazichambua: hii ya kichwa cha bluu ilikuwa ya suti ya marehemu mumewe, aliisaka siku mbili. Akaichomeka kifuani, hakuirudisha na zile nyingine.

Jumatatu, 9 Machi

Kazini. Nimekaa nyuma ya mashine ya kuchanganya rangi, nawaza kuta za Mama, mara macho yangu yakaenda kwenye rafu ya mwisho kule stoo. Waliokataliwa! Makopo yote tuliyochanganya yakakosewa, au mteja akabadili mawazo. Yamekaa pale yanakula vumbi.

Nikamfuata tajiri, bosi wetu wa duka la rangi. Harusini hakuja, na hadi leo ananikwepa macho. Nikamuuliza yale makopo vipi. Akasema chukua yote, hiyo ndiyo zawadi yako ya harusi, na stoo yangu ipumue.

Zawadi ya harusi! Makopo manane ya aibu! Nilicheka njia nzima.

Jumanne, 10 Machi

Nataka niiandike siku hii vizuri.

Tatizo: makopo manane, rangi tano. Hakuna rangi moja inayotosha chumba kizima. Wangu akasema basi kila ukuta na rangi yake, nikamwambia hii si bendera. Mimi nikasema tuchanganye yote. Yote! Ni rangi za maji, za ndani, nimekagua moja moja. Tukaleta pipa lile la kuhifadhia maji. Nikamimina:

nyeupe makopo matatu, ya mwalimu mkuu aliyetaka nyeupe iliyo nyeupe zaidi. Krimu mawili, ya yule mama aliyesema inafanana na meno. Kijivu moja la duka la dawa, wagonjwa walizidi kuumwa. Njano kikombe, kwa sababu nilitaka jua. Waridi ya saluni, ile inayopiga kelele — waridi kidogo.

Mabonge yakawa mengi, makopo mengine ya tangu mwaka juzi. Mama akainuka, akafungua sanduku lake, akarudi na kipande cha wavu. "Kilibaki nilipokata shela lako." Tukachuja rangi kwa shela langu! Wangu kashika upande huu, mimi ule, rangi inapita katikati laini kama maziwa. Ananitazama. Mimi namtazama. Mama akakohoa.

Alhamisi, 12 Machi

Mgongo! Mikono! Tumepaka mkono wa kwanza sebuleni na jikoni. Wangu ana tone la rangi kwenye sikio tangu jana. Sijamwambia. Linampendeza.

Ijumaa, 13 Machi

IMEKAUKA.

Sijui niiite nini. Si krimu, si waridi, si ya kijivu. Asubuhi inakuwa kama ganda la yai. Saa tisa jua likiingia inakuwa kama shavu la mtu aliyesifiwa. Mimi nimeuza rangi miaka minne, najua kadi zote za rangi kwa kichwa, hii haimo! Dalali aliingia, akavua miwani. Akaivua kabisa, akaitia mfukoni. "Hii inaitwaje?" Wangu akajibu haraka, "Inaitwa Mke Wangu." Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, kwa raha.

Jumapili, 15 Machi

Wangu amemaliza taa. Yeye ni fundi umeme na miaka yote Mama anaishi na balbu moja inayoning'inia kwa waya! Sasa sebuleni zipo sita, ndogo, za darini, na jikoni mstari wa mwanga chini ya kabati. Tumetoa ule mlango wa jikoni uliokuwa unagonga meza, sasa ukiwa sebuleni unaona hadi dirisha la nyuma.

Mama alishuka akiwa ameshika ukuta. Ngazi moja, pumzi. Ngazi moja, pumzi. Akasimama katikati ya chumba kitupu, akageuka polepole. Akasema: "Kumbe nilikuwa na chumba."

Halafu: "Mwanangu, umefanya kazi." Mwanangu! Si mkwe. MWANANGU. Nilikwenda uani nikalia kidogo, wangu akanifuata, akaniuliza nani kaniudhi.

Rangi iliyobaki, nusu kopo hivi, nimepaka rafu yetu kule chumbani kwetu, ya kuwekea picha ya harusi. Vyumba vya juu tumevipiga nyeupe ya kawaida. Pipa nimeliosha linang'aa.

Jumanne, 17 Machi

Picha zimewekwa. Dalali amepigiwa simu na watu kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Mwaka jana mzima walikuwa watatu. Wateja wawili wanakuja Jumamosi. Wifi amenitumia ujumbe: "Na mimi kwangu nipakie." Nimemjibu ajiandikishe foleni.

Alhamisi, 19 Machi

Ningemtupa nje ya dirisha leo. Kwa mapenzi, lakini ningemtupa.

Nimetoka kazini namkuta wangu na tindo mkononi, uso mweupe kwa vumbi, mbele ya ukuta wa sebule. Wa sebule! Swichi ilikuwa imekaa vibaya, akaona aihamishe, wateja wa siku hizi wanapenda swichi karibu na mlango. Ameziba vizuri, sawa, simenti imelala. Lakini pamebaki kiraka cha ukubwa wa sinia. "Utapaka tu," ananiambia.

"Na nini?"

"Na ile rangi."

"Ipi?"

Tukatazamana. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kuanzia kwenye nyusi. Makopo manane ya makosa yaliyochanganywa kwa jicho hayarudi! Mashine haina namba yake. Duka zima halina. Hakuna mahali duniani nitaagiza "Mke Wangu."

Nilikaa sakafuni. Wateja keshokutwa. Nikawaza rafu yetu — huwezi kukamua rafu. Nikawaza pipa, mimi na usafi wangu! Ndipo nikakumbuka brashi ya kuviringisha. Kwenye duka letu tunawafundisha mafundi: ukipumzika, brashi usiioshe, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, hewa isiingie, inakaa mbichi. Moja nilikuwa nimeifunga Alhamisi ile na kuisahau juu ya kabati la jikoni.

Nikaifungua. Laini! Mbichi! Nilipiga kelele hadi Mama akauliza kutoka juu, huko chini kuna nyoka? Nimeikamua kama chuchu ya mbuzi. Mkono wa kwanza. Mkono wa pili. Kiraka kimetoweka, na hakikubaki hata cha kuchafulia kidole. Inatosha. Imetosha!

Nimemsamehe. Nilimsamehe tangu pale kwenye nyusi, ila sikumwonyesha.

Jumamosi, 21 Machi

Niandike haraka.

Mteja wa kwanza: kijana mmoja na futi yake, kapima ukuta mmoja tu, televisheni yake haienei. Kwaheri.

Wa pili: mume na mke, wapya kama sisi. Nilijua kwa jinsi walivyopanda ngazi wameshikana mikono, wakati ngazi ni nyembamba. Mke akasimama sebuleni pale jua la saa tisa lilipokuwa linaingia. Akaweka kiganja ukutani. Kwenye kiraka! Juu ya kiraka chenyewe! Nikabana pumzi. Akamwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Hapa. Mimi nataka kukaa hapa."

Wamekubali! Bei ya Mama, bila kuvutana! Mwenye nyumba wa kule kituoni ameshapigiwa, kinyozi atafute pengine. Wangu alininyanyua juu jikoni nikagonga kichwa kwenye kabati na sikusikia maumivu.

Ila kuna jambo. Yule mke alisema vyumba vya juu havipendi, vyeupe kama zahanati. Anataka nyumba nzima iwe kama sebule, hasa chumba cha mtoto. Watarudi Jumamosi ijayo kuona, na wakiona wanatia saini hapo hapo. Dalali akanyoosha mkono kwangu kwa madaha: "Bingwa wa rangi ni huyu hapa."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Hakuna tabu! Kabisa!"

Na nilitabasamu! Meno yote nje!

Jumapili, 22 Machi

Tajiri amenipa funguo za duka. Nimebeba nyeupe, krimu, kijivu, njano na ile waridi ya kelele, mpya zote, namba nilizichimbua kwenye kitabu cha makosa. Tuko sebuleni kwa Mama tangu asubuhi. Vikombe kumi na viwili sakafuni. Na daftari hili hapa limefunguliwa Jumanne, tarehe kumi, kwa sababu ndilo lenye vipimo pekee vilivyopo.

Nyeupe matatu: safi. Krimu mawili: safi. Kijivu moja, njano kikombe. Asante, wewe mwanamke uliyeandika! Halafu: "waridi kidogo."

Kidogo kiasi gani?

Kijiko? Kikombe? Sikupima! Najua kwa nini sikupima. Imeandikwa hapo chini yake, nani alikuwa anamtazama nani.

Kikombe cha kwanza kimetoka kama ufizi. Cha tatu kama jivu. Cha saba wifi amekisifu kwa simu, lakini wifi yuko kwake na ametumiwa picha tu. Mama ameshafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye stendi, kimefungwa kwenye shuka, kiko mlangoni, tayari kwa safari. Hakunihimiza hata mara moja. Kile kichwa kinanihimiza.

Cha kumi na moja nimekipaka kwenye kadi, wangu akaipepea kwa kofia hadi ikakauka. Ndipo Mama akasema, "Lete hapa. Miaka thelathini nalinganisha uzi na kitambaa, mnanionaje?" Akaishika kadi kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani, akaja nayo ukutani. Akafumba jicho moja. Akaisogeza kushoto. Hata wangu ameacha kupepea.

"Ongeza kijiko kimoja cha waridi," anasema. "Kimoja. Na safari hii, mwanangu, mumeo umtazame baadaye."

Kijiko ninacho mkononi. Kopo liko wazi. Na yeye amekuja kusimama hapo hapo mbele yangu, jua limempiga, tone lake bado liko sikioni —

Wangu, hebu toka kwanza!